Mume Wangu Alipopanda Mlima Nchelenge

Balo ile ya mitumba niliifungua mwezi wa kumi na mbili, siku chache baada ya uvuvi kufungwa. Kila mwaka Ziwa Mweru hufungwa mpaka mwisho wa mwezi wa pili ili samaki wazae, na katika miezi hiyo wanaume wa ufukweni hawajui waiweke wapi mikono yao. Mimi nauza nguo kuukuu sokoni Nchelenge, salaula kama wanavyoziita Wazambia. Nilikuwa nimeagiza majaketi ya watoto, kwa sababu wakati wa mvua asubuhi huwa na baridi. Nilipokata kamba sikukuta jaketi la mtoto hata moja.

Nilikuta vitu vya mtu mmoja. Kulikuwa na suti nzito ya rangi ya chungwa, ya kuvaliwa kuanzia shingoni mpaka vifundoni, imejazwa manyoya ya bata. Kulikuwa na miwani myeusi mikubwa, glovu ambazo mkono wangu ulipotelea ndani yake, na viatu vizito kama vya askari. Kulikuwa pia na vyuma viwili vyenye meno kumi na mawili kila kimoja, vya kufunga chini ya viatu. Katikati ya suti palifichwa kitabu kinene cha Kifaransa chenye picha za theluji. Mwenye vitu hivyo, sijui kama alikufa au alipata akili.

Nilimwita mume wangu anisaidie kufikiri nani angevinunua. Alivishika kimoja kimoja, akayahesabu meno ya vile vyuma, kisha akasema kwa sauti ya chini:

“Mama, hii ni ya kupandia mulima.”

Mume wangu alifundisha jografia kwa miaka ishirini na miwili kule Katanga, Kongo, kabla vita havijatusukuma ng’ambo hii ya ziwa. Kwenye ukuta wa kalasi yake alikuwa amechora milima mirefu ya dunia ikiwa imesimama bega kwa bega, kama watu kwenye foleni ya biro, ofisi ya serikali. Theluji hakuwahi kuiona. Alizaliwa chini ya Kundelungu, ambayo watu wote huiita mlima, naye hakuacha kuwasahihisha: ule ni uwanda wa juu, mlima ni kitu kingine. Huku tulikohamia tunalima mihogo na karanga. Diploma yake iko ndani ya sanduku, imevikwa plastiki. Watu bado wanamwita mwalimu, ila hakuna anayemuuliza kitu.

Kitabu alikisoma kwa wiki nzima. Baada ya hapo nilimtuma kijiji cha Kabuta kwa baiskeli na furushi la nguo za kuuza, na jioni akarudi na furushi lilelile bila kupungua hata soksi. Alikuwa amekaa na wavuvi waliokuwa wanashona nyavu zao, akawafundisha. Kesho yake nikamtuma tena, na mara hii nikafuatana naye ili nione.

Walikuwa kama kumi na watano, sindano za nyavu mikononi. Aliwaambia kwamba zamani wazungu wenyewe waliiogopa milima. Waliamini kule juu wanakaa majoka, na mtu mwenye busara alipita bondeni. Halafu, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, daktari mmoja na mtu aliyekuwa akitafuta mawe ya kung’aa walipanda mlima mrefu kuliko yote ya upande wao, wakarudi wazima, na tangu siku hiyo wazungu hawakutulia tena. Mvuvi mmoja aliuliza walikuta nini kule juu. Theluji, alisema mume wangu. Wakaichukua? Hapana, waliiacha. Mvuvi akauliza basi walifuata nini, na mume wangu akamjibu kwamba hilo ndilo swali la kitabu chote, na kitabu kina kurasa mia nne.

Aliwaeleza pia habari za mlima mrefu kuliko yote duniani, kwamba makarani waliupima kwa hesabu wakiwa mbali sana, kabla ya mgeni yeyote kuugusa mguu wake. Halafu wakaja wapandaji. Wawili kati yao, karibu miaka mia iliyopita, walipanda wamevaa makoti ya sufu kama ya kwendea kanisani. Walionekana kwa mara ya mwisho karibu na kilele, vidoa viwili, kisha wingu likafunika. Mmoja wao alikutwa baada ya miaka sabini na mitano, amelala kifudifudi, ngozi yake nyeupe kama sahani. Hapo sindano zote zilisimama. Watu wa Kabuta wanajua habari ya mtu anayekwenda ziwani asirudi. Mzee mmoja aliuliza kama ndugu zake walikaa matanga mara mbili. Mume wangu alisema kitabu hakikuandika.

Wale waliofika kileleni kwanza na kurudi, alisema, walikuwa mfuga nyuki na mbeba mizigo aliyekulia kwenye milima hiyohiyo. Wavuvi walitaka kujua nani alitangulia kukanyaga. Mume wangu alisema kwa miaka mingi wenyewe walikataa kusema.

“Mubebaji,” alisema mvuvi mmoja mrefu, na wenzake wote wakaitikia kwa vichwa.

Mvuvi huyo mrefu ni Mzambia, lakini Kiswahili chake ni kizuri kwa sababu aliuza samaki Pweto, upande wa Kongo, miaka mingi. Alisikiliza mpaka mwisho habari za hatari: hewa inavyokuwa ndogo mpaka mtu anapumua kama mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, vidole vinavyokuwa vyeusi na kukatika, akili inavyolegea hadi mtu anavua koti katikati ya barafu kwa sababu anasikia joto. Alisikia kwamba wapo waliokaa chini wapumzike kidogo na hawakuinuka tena, na wenzao wanawapita kila mwaka, wanawatumia kama alama ya njia. Alisikia kwamba wengi hufa wakati wa kushuka, kwa maana nguvu wamezimaliza kupanda. Ndipo akauliza, kwa adabu kabisa:

“Na wewe, ba mwalimu, ulipanda mulima gani?”

Mume wangu alifunga kitabu, akasema jua limekwenda. Jioni ile hakugusa bukari, ugali wetu wa mihogo. Asubuhi, kabla sijawasha moto, aliniambia kwamba amekwisha kukata shauri, atapanda.

Nilimuuliza atapanda nini. Nchi hii ya ufukweni ni bapa kama mkeka. Alikuwa amelifikiria hilo usiku kucha. Tangi la maji ni la serikali, na mnara wa simu una mlinzi na mbwa. Kilichobaki ni kichuguu kikubwa kilicho kwenye shamba la mama mmoja mjane, nyuma ya Kabuta. Wageni huwa hawaamini vichuguu vya huku. Hicho kimekizidi kimo kibanda chochote cha jirani, na kimeota miti mgongoni. Mume wangu alikipima kwa kivuli chake na fimbo, akapata mita saba na nusu. Halafu akaniambia kwamba kwa kuwa milima hupimwa kuanzia baharini, na ziwa letu lenyewe liko juu ya bahari kwa zaidi ya mita mia tisa, sehemu kubwa ya kazi tumekwisha kuifanya tukiwa tumelala.

Kitabu kilisema mpandaji lazima apate ruhusa ya wenye nchi, na iwe ya maandishi. Tulikwenda kwa yule mjane pamoja. Mume wangu alisimama mbele yake akiwa ameshika kofia mkononi, akaeleza kusudi lake kwa Kibemba chake cha kuvunjika, nami nikirekebisha. Nilikuwa nimejiandaa atucheke. Hakucheka. Aliuliza tu kama atakanyaga maboga yake, maana udongo wa kichuguu una rutuba na alikuwa amepanda maboga kuanzia chini. Mashina yalikuwa yamepanda yenyewe mpaka juu, na boga kubwa kuliko yote lilikuwa limekomaa kileleni, ambako magoti yake hayamfikishi tena. Alisema ruhusa atatoa, sharti ni moja: tumletee lile boga. Mume wangu aliandika ruhusa kwenye karatasi ya daftari, na yule mama akaweka kidole gumba.

Yakafuata mazoezi. Siku ya kwanza alivaa suti ile ya manyoya akatembea kutoka nyumbani mpaka sokoni, saa sita mchana. Alianguka karibu na stendi ya minibasi za kwenda Mansa. Makondakta walimmwagia ndoo mbili za maji, na manyoya yakanywa maji mpaka suti ikawa nzito kama mbuzi aliyelowa. Tulimkokota watu watatu. Wiki iliyofuata alimwomba mtu wa chumba cha barafu pale sokoni amruhusu kukaa ndani nusu saa, azoee. Yule bwana alimfungia vizuri ili baridi isitoke, akaenda kula, na huko akakutana na shemeji yake. Niliposhtuka kwamba mume wangu hajarudi, saa moja na nusu ilikuwa imepita. Tulimkuta amekaa juu ya barafu, nyusi zake nyeupe, hawezi kushika kikombe, na uso umejaa furaha. Vidole vilipopata damu aliandika kwenye daftari lake: hatari ya kwanza, kusahauliwa.

Mimi nilikasirika siku ile. Nilimwambia yeye ni baba wa watu wanne na mguu wake mmoja una baridi yabisi. Alinisikiliza, kisha akasema kwamba kwa miaka ishirini na miwili aliwapa watoto maksi kwa kitu ambacho yeye mwenyewe hakukijua. Nikaendelea kupanga mashati.

Jumamosi ya kupanda, watu walikuja wengi kuliko kwenye mikutano ya siasa, kwani uvuvi ulikuwa umefungwa na hapakuwa na kitu kingine. Pasta aliomba. Mume wangu alikuwa amepanga mambo kama yalivyo kitabuni: kambi ya chini kwenye kivuli cha nyumba ya mjane, kambi ya kwanza katikati ya mgongo wa kichuguu, halafu kilele. Mvuvi mrefu ndiye aliyekuwa mbebaji. Alipanda na mkeka wa kambi ya kwanza, akashuka. Alipanda na chupa ya maji na viazi vitamu, akashuka. Alipanda kufunga kamba ya nyavu kwenye mti wa juu, akashuka. Alipanda tena kwa sababu mume wangu alitaka kujua kama kamba imekaza. Alikwenda peku, na kila safari ilimchukua muda wa kuimba ubeti mmoja. Hakuna aliyempigia makofi. Makofi yalianza mume wangu alipoinua mguu wake wa kwanza wenye meno.

Alifika kambi ya kwanza akakaa saa mbili, ili mwili uzoee. Watu walikwenda kula wakarudi. Mvua ilianza, nyembamba, kisha ikazidi, nasi tukajibanza chini ya mabati huku yeye akionekana kule juu, kitu cha rangi ya chungwa kilichojifunika nailoni, kinachokula kiazi. Mvua ilipokatika alisimama akashika kamba. Udongo ulikuwa umelainika, lakini meno ya chuma yaliuma vizuri. Alivuta hatua, akapumzika, akavuta hatua. Nilisikia akipumua. Mwishowe kichwa chake kilipita majani ya boga, na akasimama wima juu.

Watu walishangilia. Yeye hakuinua mkono. Alikuwa ametazama ziwani, mgongo kwetu, na akakaa hivyo muda mrefu mpaka wengine wakaanza kunong’ona kwamba hewa ya juu imemlegeza akili, kama alivyowafundisha mwenyewe. Mvuvi alipanda mpaka karibu na miguu yake. Maneno yao tuliyasikia wote.

“Ba mwalimu, unaona nini?”

“Naona kwetu.”

Baada ya mvua anga huoshwa, na ng’ambo ya maji vilima vya Kongo huonekana kama mstari wa bluu. Mvuvi alitazama naye.

“Lakini hata kule chini kwenye muchanga inaonekanaka.”

“Kule chini siangaliake,” alisema mume wangu. “Ni mulima ile.”

Nilijua ameyasema hayo kuhusu Kundelungu, au kuhusu kile alichodhani ni Kundelungu, na nikageuza uso nikajifanya natafuta kitambaa. Tangu tuvuke, miaka yote hii, sikuwahi kumsikia akitaja kwao bila kuulizwa.

Alikata boga. Lilikuwa kubwa, la kukumbatiwa kwa mikono miwili, na mvuvi alimwomba alibebe yeye. Mume wangu alikataa, akasema ahadi aliitoa mwenyewe. Nilimwona akitaka kushika kamba, lakini mikono yote miwili ilikuwa imekumbatia boga. Hatua ya pili, meno ya kiatu cha kushoto yalinasa kwenye shina la boga. Alikuja chini kwa mgongo, mita zote saba na nusu, akichukua mkeka, chupa na viazi vilivyobaki vya kambi ya kwanza. Alitua miguuni pa mjane. Boga halikupata hata mkwaruzo. Yule mama aliinama akalipokea, akasema asante kwa heshima zote, kisha akauliza kwa nini mguu wa mwalimu unaangalia nyuma.

Tulimpakia kwenye baiskeli ya samaki, ile yenye kitako kirefu cha miti nyuma, tukamfunga kwa kamba ileile ya nyavu. Mvuvi alisukuma, mimi nilishika mguu, mpaka kliniki ya Kafutuma. Njia nzima watu walisimama kuangalia. Wengine waliuliza samaki huyo ni wa aina gani.

Sista wa zamu alikuwa msichana mwenye utaratibu. Kabla ya yote alifungua kitabu kikubwa. Aliuliza jina, umri na kijiji, kisha akauliza ameumia kwa nini. Nilimwambia kwa Kibemba kwamba ameanguka mlimani. Aliweka kalamu chini. Alisema yeye ni mzaliwa wa wilaya hii, na kwenye kitabu kuna mahali pa baiskeli, nyoka, mamba, maji na ugomvi, lakini mlima haupo kwa sababu milima haipo. Nilimwambia basi aandike kichuguu. Mume wangu, ambaye alikuwa akisaga meno kwa maumivu, aliinuka kwenye benchi kwa kiwiko.

“Andika mulima,” alisema. “Iko na ruhusa.”

Alitoa ile karatasi yenye kidole gumba mfukoni. Sista aliisoma pande zote mbili. Aliandika mlima, kisha akauliza urefu, naye akaambiwa.

Suti haikuvuka juu ya mguu uliovimba, ikabidi ikatwe. Mume wangu aliomba wafuate mshono. Mkasi ulipoingia, manyoya yalitoka. Hayakutoka kidogo, suti ile ilikuwa imebeba bata wa kijiji kizima, na dirisha lilikuwa wazi upande wa ziwa. Yalijaa chumba, yakapita mlangoni, yakawaangukia mama wenye watoto wachanga waliokuwa kwenye foleni ya kupima uzito. Yalikaa kwenye kofia ya sista, kwenye mizani na kwenye kitabu. Watoto waliacha kulia wakafungua mikono. Mume wangu alikuwa amelala chali, manyoya yanamshukia usoni taratibu, naye hayapangusi.

“Ndivyo inaangukaka,” aliniambia. “Nilifundisha vibaya. Nilisemaka inaanguka kama mvua.”

Mguu ulifungwa plasta, na alikaa nayo mpaka uvuvi ulipofunguliwa. Mjane alitutumia nusu ya boga likiwa limepikwa na karanga, na tulilila. Viatu na vyuma niliviuza kwa mtu anayeponda mawe ya kokoto, ambaye hakuniuliza vilikuwa vya nini.

Mwezi wa tatu nilikuwa nyumbani napeta karanga walipofika mabwana wawili wa serikali kwa pikipiki, wenye mafaili na viatu vilivyong’arishwa. Walikuwa wakipita kukagua vitabu vya kliniki, na katika hesabu za ajali za mwaka wamekuta moja ambayo hawaielewi. Walitaka waonyeshwe mlima. Nilidhani watatukaripia. Mume wangu alichukua fimbo yake, tukawapeleka kwa mjane, na wao wakakizunguka kichuguu mara mbili. Walipiga picha na simu, wakaandika. Mwenye umri mkubwa alimuuliza mjane kama mahali hapa pana jina. Yule mama alifikiri, akasema yeye hupaita shambani.

Wakaandika hilo pia. Yule mwingine, kijana, alikuwa ameinua macho anaangalia juu, na alimuuliza mume wangu kwa sauti ndogo njia nzuri inapita upande gani. Mume wangu alimweleza kwa urefu, kwa fimbo, hatua kwa hatua, na hasa namna ya kushuka. Kijana alivua viatu vyake vya biro, akavipanga kando ya mafaili. Bosi wake alisema wana kliniki nyingine tatu za kuona kabla ya jioni, lakini alisema akiwa amekwisha kukaa kivulini, kwenye kigoda alichopewa na mjane. Mimi niliingia jikoni kumsaidia yule mama kusonga bukari, kwa sababu ilionekana wazi kwamba watachelewa.